Cape Epic, siku 8 milimani kwa watu wawili: tairi gani, gia gani, na tule nini?

MtelemkoMeru (Arusha)

Wakuu, habari za leo. Mimi na dada mmoja wa klabu yetu tumepata nafasi ya Cape Epic, mbio za baiskeli za milimani kule Afrika Kusini, ya Machi ijayo, kundi la mseto (mwanamume na mwanamke). Zimebaki wiki 16. Msingi wake tunaujua: siku 8, ya kwanza fupi ya kukimbizana na saa, halafu hatua 7. Jumla ni kilomita kati ya 600 na 700, na kupanda kunakokaribia mita 15,000. Mnakwenda wawili wawili na hamruhusiwi kuachana zaidi ya dakika 2. Hatuendi kugombea jukwaa. Tunataka kumaliza kila hatua ndani ya muda uliowekwa, na siku ya mwisho tufike wote wawili.

Baiskeli zetu zote ni za ringi 29, shokapu mbele na nyuma, milimita 110 na 100. Gia ya mbele meno 34, kaseti (gia za nyuma) meno 10–51. Tairi tulizonazo ni tyubulesi (zisizo na tyubu ndani) za upana wa inchi 2.25, nyepesi, zile za mbio fupi. Mimi nina kilo 72, mwenzangu kilo 61. Kwenye kupanda mimi nina nguvu zaidi, kwenye mteremko yeye ana ufundi zaidi.

Naomba msaada wa waliobobea: tairi na hewa, spea za kubeba, chakula cha njiani, na namna wawili wasiolingana wanavyogawana kazi.

FundiSpoku (Nairobi)

Karibu mkuu. Naanza na tairi kwa sababu ndiyo inayowatoa watu wengi kwenye ratiba.

Hizo nyepesi za 2.25 ziacheni nyumbani. Tatizo la Western Cape, jimbo zinakofanyika mbio, si tope, ni mawe yenye ncha kali na miiba. Mwiba unaotoboa zaidi kule ni mbigiri, huuhuu wetu wa huku. Kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga chini, mbigiri haitawasumbua, silanti (maji ya kuzibia matundu yanayowekwa ndani ya tairi) itaziba. Kinachomaliza siku ni jiwe kuchana ubavu wa tairi. Chukueni 2.35 au 2.4 zenye ubavu ulioimarishwa, hata kama kila moja itaongeza gramu 150. Gramu 150 hamtazisikia. Kusukuma baiskeli kilomita 12 juani mtakusikia.

Silanti: mililita 100 hadi 120 kwa kila tairi, mpya, iwekwe siku 3 au 4 kabla ya kuanza. Iliyokaa miezi mitatu kwenye joto letu huwa imeshaganda na kubaki vidonge vya mpira ndani. Ukitikisa gurudumu sikioni husikii maji yakicheza, hakuna kitu humo.

Hewa: wewe mwenye kilo 72 anza na PSI 20 mbele na 22 nyuma. Dada wa kilo 61, 18 na 20. Mkisikia ringi inagonga mawe ongezeni 1, si 4. Halafu kuna jambo linalosahauliwa na watu wa nyanda za juu: kipimo cha hewa kinalinganisha na hewa ya nje. Arusha iko mita 1,400 hivi, Cape Town iko baharini. Tairi iliyojazwa 22 Arusha, ukiifikisha pwani bila kuigusa, geji itasoma karibu 20, maana hewa ya nje imezidi kwa PSI 2 na ushee. Kwa hiyo msibebe namba za nyumbani mkadhani mmemaliza. Pimeni kule kule, kwa geji ileile, asubuhi kabla jua halijapiga tairi. Kwenye shokapu ya PSI 150 tofauti hiyo haina maana.

Kwenye ndege punguzeni hewa lakini msiitoe yote. Tairi ikitoka kwenye ukingo wa ringi, silanti itamwagika ndani ya sanduku.

Gia: 34 ni kubwa kwa watu wanaotaka kumaliza. Piga hesabu. Kwenye gia nyepesi kabisa, mwendo wa kilomita 5.5 kwa saa, 34 inakulazimisha uzungushe mara 60 tu kwa dakika. Gia ya meno 30 inakupa 68. Mara 8 za ziada kila dakika ndizo zinazookoa magoti siku ya tano. Mtapoteza nini? Kwa 30, mkizungusha mara 90 kwa dakika kwenye jino la 10, bado mnakwenda kilomita 37 kwa saa. Zaidi ya hapo ni mteremko, na kwenye mteremko hukanyagi. Mkishusha kutoka 34 kwenda 30, cheni itabaki ndefu: fundi atoe jozi moja ya viungo, halafu aachie hewa yote ya shokapu ya nyuma na kuikandamiza hadi mwisho, ahakikishe cheni haikazi kupita kiasi kwenye jino la 51.

RangiYaVumbi (Eldoret)

Naunga mkono FundiSpoku kwenye tairi, ila kwenye gia namwekea pingamizi kidogo. 30 imfae dada. Ndugu yetu wa kilo 72 aweke 32. Yeye ndiye atakayekuwa mbele kwenye tambarare na upepo, na barabara za mashambani kule zina vipande virefu vya kusukuma kwa kilomita 35 kwa saa na zaidi. Akiwa na 30 atazungusha miguu kama feni, na mwenzake nyuma yake atakosa kinga tulivu ya upepo.

Spea. Gaweni, msibebe vitu viwili viwili bila sababu. Kati yenu wawili muwe na: tyubu 2 nyepesi, uzi wa kuzibia tyubulesi wa unene wa aina mbili na sindano yake tayari imeshachomekwa uzi, mitungi 3 ya gesi ya gramu 20 au 25 (ya gramu 16 haijazi vizuri tairi pana la 29), pampu ndogo 1, viungo 2 vya kuungia cheni vya aina yenu, spana za mfukoni zenye kikata cheni, kiini 1 cha valvu na kifungulio chake, kipande cha tairi la zamani cha sentimita 4 kwa 6, na vifungo vichache vya plastiki. Mitungi ya gesi msihangaike nayo uwanja wa ndege, nunueni mkishafika.

Pia kile kipande cha alumini kinachoshika dereila (kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kwenye gia) kwenye fremu. Kila mmoja awe na chake mfukoni, kwa sababu kila fremu ina umbo lake na hakuna duka litakalokuwa nacho saa sita usiku. Ukianguka upande wa kulia, hata taratibu, ndicho kinachopinda kwanza. Dalili: gia zinaruka, na kwenye jino kubwa dereila inasogelea spoku. Ukiona hivyo shuka hapohapo. Ukikanyaga mara moja tu dereila inaingia ndani ya gurudumu, na sasa umepoteza dereila, spoku na cheni kwa mpigo.

Pedi za breki: za chuma, si za resini, na seti mbili za akiba kwa kila baiskeli. Mvua ikinyesha siku moja, mchanga uliolowa unaweza kumaliza pedi za resini kabla ya jioni. Pedi mpya zizoesheni kabla: mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kaza breki hadi karibu kusimama, achia, mara 15 hadi 20 kila upande. Msipofanya hivyo zitalia na hazitashika.

MtelemkoMeru

Asanteni sana. Nimeandika yote. Swali la nyongeza kwa FundiSpoku: pancha ikitokea katikati ya hatua, mpangilio wa kufanya ni upi? Tunapoteza muda mwingi kwa kubahatisha.

FundiSpoku

Zungusha gurudumu tundu liwe chini, silanti ikusanyike pale. Hesabu hadi 10. Ikitulia, ongeza hewa kidogo mwende. Isipotulia, andaa uzi kwanza, ndipo utoe mwiba au jiwe. Ukitoa kabla hewa yote inakwenda na utahitaji gesi mara mbili. Sukuma uzi hadi ibaki kama nusu sentimita ya ncha nje, chomoa sindano kwa haraka na nyoofu. Usikate ncha, barabara itazila yenyewe.

Tundu likikataa uzi mmoja, weka wa pili kando yake. Ikiwa ni mchano wa ubavu unaozidi milimita 6, uzi hautashika: ni tyubu na kile kipande cha tairi kwa ndani kikiziba mchano, la sivyo tyubu itachomoza nje kama puto na kupasuka.

Kuna kosa linalorudiwa kila mwaka. Kabla ya kuweka tyubu, pitisha vidole ndani ya tairi lote, taratibu. Tairi la tyubulesi lililopita kwenye mbigiri linaweza kuwa na miiba kumi au zaidi iliyozibwa na silanti, nawe hujui. Ukiingiza tyubu juu yake, pancha ya pili inakuja ndani ya dakika moja, na sasa huna tyubu. Miiba iliyokatikia ndani isukume irudi nje kwa ncha ya spana.

Mmoja ashughulike na gurudumu, mwingine afungue vifaa na kushika baiskeli. Fanyeni zoezi hili nyumbani, na saa mkononi, hadi mfike chini ya dakika 5.

Mama_Lishe_Pwani (Mombasa)

Hamjambo wanangu. Mimi niseme ya tumbo, maana naona mmezama kwenye vyuma.

Lengo ni gramu 60 za wanga kwa saa, mkipanda polepole hadi 80 kama tumbo limezoea. Tumbo hufundishwa kama miguu. Anzeni sasa na gramu 40 kwenye mazoezi ya muda mrefu, ongezeni 10 kila wiki mbili. Mtu asiyezoea akilazimisha gramu 90 siku ya mbio, atatapika au atatafuta kichaka.

Kinywaji cha kutengeneza wenyewe kwa chupa ya mililita 750: sukari gramu 60, ambazo ni vijiko vya mezani 5 vya kusawazisha, chumvi robo ya kijiko cha chai, ndimu nusu. Hiyo robo ya kijiko inawapa karibu miligramu 600 za sodiamu. Msizidishe sukari mkidhani mnaongeza nguvu. Ikizidi gramu 8 kwa kila mililita 100, maji yanakaa tumboni bila kupita, na hapo ndipo mtu anasema "tumbo limejaa lakini nina kiu".

Chupa moja kwa saa siku ya baridi, na siku ya nyuzi 35 zaidi ya hapo. Lakini mkifika kituo cha maji msinywe maji matupu lita moja na nusu kwa pupa. Maji mengi bila chumvi hushusha sodiamu kwenye damu. Kichwa kinauma, vidole vinavimba, mtu anachanganyikiwa, na wenzake wanamwongezea maji wakidhani ni kiu.

Vya kutafuna: tende, viazi vilivyochemshwa vikakatwa na kutiwa chumvi, ndizi, wali ulioshikamana ukafungwa kwenye karatasi ya aluminiamu. Kuanzia siku ya nne ulimi huchoka na utamu, hata wale wapenda kashata. Hapo viazi vya chumvi ndivyo vitakavyowafanya mle. Tende ni nzuri ila zina nyuzinyuzi, msizidishe sita au saba kwa saa. Wekeni saa ilie kila dakika 20, ikilia kila mmoja ale na kunywa, njaa iwepo isiwepo.

Mkimaliza hatua, ndani ya nusu saa: wanga gramu 1 kwa kila kilo ya mwili na protini gramu 20 hadi 30. Kwa dada wa kilo 61 ni sahani ya wali iliyojaa, mayai mawili na glasi ya maziwa. Chakula cha jioni kinabaki palepale, hiki hakichukui nafasi yake.

Na nawaomba kwa dhati: msimeze diklofenaki wala ibuprofeni ili mpande baiskeli. Mwili uliokauka maji, misuli iliyochanika, pamoja na dawa hizo, ni mzigo mzito kwa figo. Maumivu yanayohitaji dawa hizo yapelekeni kwa daktari wa mbio jioni. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi usisubiri asubuhi.

UmojaWaPedali (Kigali)

Habari za Arusha. Huku kwetu Cape Epic ina heshima yake. Adrien Niyonshuti aliikimbia mwaka 2007 akiwa na kocha wake Jock Boyer, na mwaka 2012 akaiwakilisha Rwanda kwenye baiskeli za milimani katika Olimpiki ya London. Kwa hiyo mnakokwenda si mahali pasipowafaa watu wa ukanda huu.

Kuhusu wawili wasiolingana. Timu inakwenda kwa mwendo wa aliyechoka, kwa hiyo kazi ya mwenye nguvu ni kumsaidia mwenzake asichoke mapema. Kumwacha mita 50 mbele halafu kumsubiri kileleni hakumsaidii chochote. Yeye anapanda akiwa na hofu ya kuchelewesha, anavuka mpaka wake, na wewe umepoa. Kwenye kupanda dada akae mbele na aamue mwendo. Wewe nyuma yake, kimya. Kwenye tambarare na upepo wewe mbele, yeye gurudumu lake liwe karibu na lako: kwa kilomita 30 kwa saa anaokoa robo hadi theluthi ya nguvu. Kwenye mteremko yeye mbele tena, wewe fuata mistari anayochagua, lakini acha nafasi ya sekunde 3 kwa sababu ya vumbi. Vifaa vizito na maji ya ziada beba wewe. Kilo 2 kutoka mgongoni mwake ni sehemu kubwa ya tofauti yenu.

Mwendo wa siku tatu za kwanza ndio utakaoamua kama mtamaliza. Mkiwa na kipima wati, kwenye kupanda msizidi asilimia 75 hadi 80 ya wati mnazoweza kushikilia kwa saa nzima. Mkiwa na kipima mapigo tu, msipite asilimia 85 ya mapigo ya juu kabisa. Mtapitwa na watu wengi dakika 20 za mwanzo, waacheni. Kuanzia siku ya nne mapigo hayapandi tena hata mkijitahidi, hiyo ni dalili ya uchovu. Kuanzia hapo saa ya mapigo haiaminiki, pimeni kwa pumzi: kama huwezi kusema sentensi nzima, punguza.

Wiki 16 mzigawe hivi. Sita za kwanza saa 8 hadi 10 kwa wiki, karibu zote za mwendo wa kuongea. Nane zinazofuata mpande hadi saa 12 au 14, kila wiki ya nne mkipunguza. Kati ya hizo wekeni mara mbili siku nne mfululizo: saa 3, 5, 4, 5. Lushoto panafaa sana kwa hilo. Kutoka Mombo kupanda mnapata joto chini na mlima mrefu papo hapo. Wiki mbili za mwisho punguzeni saa kwa nusu, lakini bakizeni vipande vifupi vya kasi ili miguu isilale.

Joto lisidharauliwe. Mtu wa Arusha anafaidika na mwinuko, lakini Machi kule jua linaweza kupita nyuzi 35. Siku 10 kabla ya kusafiri endesheni polepole saa moja mchana wa jua kali, kila siku, au mkimaliza mazoezi kaeni kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 kwa dakika 20.

RangiYaVumbi

Nyongeza ya usiku. Mashine za kuoshea kambini zina nguvu kubwa. Msielekeze maji kwenye bearingi za magurudumu, za pedali, wala maungio ya fremu, yanafukuza grisi. Oshea mbali, kwa pembe, kausha cheni kwa kitambaa, paka mafuta tone moja kwa kila kiungo jioni ileile ili yaingie usiku, na asubuhi futa yote yaliyobaki nje. Mafuta yanayoonekana kwa nje yanakamata mchanga tu. Wakati cheni inakauka, shika kila spoku kwa vidole na kaza boliti za shokapu na diski kwa spana ya nguvu inayopimika, si kwa hisia.

MtelemkoMeru

Nimepata zaidi ya nilichoomba. La mwisho: dada ana wasiwasi na vidonda vya kiti. Kwenye safari ya siku mbili tu ngozi ilianza kuchubuka.

Mama_Lishe_Pwani

Mwambie asikae na bukta iliyolowa hata dakika kumi baada ya kumaliza. Avue, aoge kwa sabuni ya kuua vijidudu, ajikaushe kwa kupapasa, avae kitu kipana cha pamba. Bukta tano angalau, kila siku iliyo safi na iliyokauka kabisa. Krimu apake kwenye ngozi na kwenye pedi ya bukta, na arudie kwenye kituo cha maji cha katikati. Asinyoe sehemu hizo wiki ya mbio, vinyweleo vinavyoota vinageuka majipu. Palipochubuka usiku apake krimu ya zinki.

Lakini ngozi ikichubuka siku ya pili tu, kabla ya krimu angalieni kiti. Kikiwa juu mno nyonga zinayumba kulia na kushoto na kusugua kila mzunguko. Mwenzake akae nyuma yake atazame: kiuno kikicheza, shusha kiti milimita 3, aendeshe wiki moja, atazame tena. Na afanye hivyo sasa, wiki ya mbio kiti hakiguswi.

FundiSpoku

Na ukishusha, funga utepe kwenye nguzo ya kiti palipo alama mpya. Kwenye sanduku la ndege itatolewa, na kule utairudisha ilipokuwa bila kukisia.